Vidonge vya Huzuni: Vimezwe Hadi Lini?

Maradhi ya mwili yana heshima yake. Mtu akivunjika mguu, jirani humletea uji; akipatwa na malaria, hata asiyemjua humwombea. Lakini mtu akiamka asubuhi asione sababu ya kuamka, chakula kikawa hakina ladha, usingizi ukamkimbia au ukamgandama, machozi yakamtoka pasipo msiba au yakakauka penye msiba, huyo huambiwa kwamba amezidisha mawazo, au imani yake imepungua, au ametupiwa jambo. Basi naye hunyamaza. Na wahenga hawakukosea waliposema kuwa mficha maradhi kifo humwumbua.

Hatukusudii leo kurudia yale yasemwayo kila siku, kwamba maradhi haya yapo na kwamba yana dawa. Hayo wengi wetu sasa twayajua. Twataka kulitazama jambo lililo mbele ya hayo. Mtu ameshakwenda hospitalini, ameshapewa vidonge, amevimeza na ameona nafuu. Je, aendelee navyo hadi lini? Na ikiwa vidonge hivyo vimemponya hapa na kumuumiza pale, apime vipi?

MAJINA YA HUZUNI

Na tuanze na lugha. Madaktari waandikao Kiswahili siku hizi huyaita maradhi haya sonona, na wengine husema unyogovu. Neno sonona limetoka katika lugha yetu wenyewe, kwani kusonona ni kuumwa kwa ndani, mahali ambapo mkono haufiki. Na pwani kuna maneno mengine tele: huzuni, simanzi, majonzi, ghamu, kihoro, jitimai. Hayakuwekwa bure. Huzuni humpata kila mtu kisha ikapita. Kihoro ni cha aliyepotewa na kipenzi au mali yake. Jitimai ni ile iliyozama moyoni ikakaa. Wazee waliogawa maneno haya walijua kwamba si kila huzuni ni maradhi, na kwamba iko huzuni ambayo kumwambia mwenye nayo astahimili tu hakumfai kitu.

Wanazuoni wa Kiislamu nao waliliona jambo hili zamani. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na afya ya nafsi. Humo alitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi. Hii ya pili aliona kuwa asili yake imo mwilini, na kwa hiyo inataka matibabu ya mwili pamoja na maneno mema. Na Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake kubwa mjini Kairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili walitengewa sehemu yao ya kutibiwa. Kwa hiyo anayedhani kwamba kumtibu mtu huzuni kwa dawa ni jambo la Kizungu lililotuvamia jana, na afungue vitabu.

BONDE LA UFA NA MIZIGO YAKE

Tumeuchagua mji wa Nakuru, ambao tangu Desemba 2021 ni jiji la nne la Kenya, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mji huo si mgeni kwetu. Reli ilipoliteremka Bonde la Ufa mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa pwani walikuwa miongoni mwa walioifuata, na mtaa mkongwe wa Bondeni hadi leo una misikiti yake na familia zenye jamaa Mombasa na Lamu. Ya pili ni kwamba sehemu hiyo ya nchi imebebeshwa mizigo mizito. Ghasia za 1992 na za 1997 ziliwafukuza watu katika mashamba yao upande wa Molo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini, na Januari 2008 Nakuru na Naivasha zikawaka. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi ya waliokimbia makwao. Mei 2018 bwawa la Patel kule Solai lilipasuka usiku na kuua karibu watu 50. Aprili 2024 maji yakashuka tena usiku, mara hii huko Mai Mahiu, yakaondoka na makumi ya watu. Tena hapo hatujataja maziwa ya bonde hilo ambayo kwa miaka kumi na zaidi yamekuwa yakipanda na kumeza nyumba na mashamba.

Hatusemi kwamba kila aliyeona hayo aliugua. Wengi walilia, wakazika, wakajenga tena. Lakini waliobaki na jitimai wako, na matibabu yao huanzia katika hospitali kuu ya Nakuru, ambayo ndiyo pia wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Egerton husomeshwa, au Gilgil, ambako hospitali yake imejulikana kwa miaka mingi kwa wodi za wagonjwa wa akili. Hapo zamani mgonjwa wa namna hii alipelekwa Mathari, Nairobi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1910, na jina hilo peke yake lilitosha kumharibia mtu posa.

Sasa na tumweke mbele ya macho yetu mtu mmoja, wa kubuni, lakini mfano wake msomaji ataujua. Ni mama wa miaka 46, mkaazi wa Bondeni, muuza nguo. Miaka mitatu iliyopita alifiwa na mwanawe, na eda ya moyo wake haikuisha. Alipungua, akaacha biashara, akaacha hata kuchana nywele. Daktari akampa kidonge kimoja kila asubuhi. Baada ya wiki kadhaa akaanza kulala, kisha kula, kisha akafungua duka. Leo ni mzima wa kutazamwa. Lakini mambo ya unyumba yamemtoka kabisa, na mumewe amekwisha kunong'ona. Tena anasema kwamba moyo wake umekufa ganzi: arusi haimchekeshi wala maziko hayamlizi. Dada yake aliyeko Mombasa kila siku humpigia simu akimwambia atupe vidonge hivyo aje kusomewa. Afanye nini?

DAWA ILIVYOZALIWA

Ili kumjibu, kwanza tujue dawa hizi zilikotoka. La ajabu ni kwamba hazikutafutwa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa dawa iitwayo iproniazidi. Wakaonekana wamechangamka kuliko ilivyotarajiwa kwa watu walio taabani. Miaka michache baadaye daktari wa Kiswisi, Roland Kuhn, alikuwa akiwajaribu wagonjwa wake dawa nyingine, imipramini, ambayo haikuwafaa wenye wazimu lakini ikawainua wenye huzuni. Akatangaza habari hiyo mwaka 1957. Ikafuata amitriptilini mwaka 1961, na mwisho wa 1987 Marekani ikaidhinisha fluoksetini. Hizi mbili, amitriptilini na fluoksetini, ndizo zilizomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndizo aghalabu mgonjwa wa hospitali za serikali hukutana nazo.

Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba sonona ni upungufu wa kemikali iitwayo serotonini katika ubongo, na kwamba kidonge huujaza upungufu huo kama mtu ajazavyo mafuta taani. Wataalamu leo wanakiri kuwa hadithi hiyo ilikuwa nyepesi mno. Ushahidi wake haukusimama. Lakini kutojua sawasawa jinsi dawa ifanyavyo kazi si hoja kwamba haifanyi kazi. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliokusanya majaribio 522 ya watu 116,477 na dawa 21 za aina hii. Kila moja katika hizo 21 iliwashinda vidonge vya bure visivyo na dawa ndani, nyingine kwa kidogo na nyingine kwa zaidi.

Hapo ndipo penye fundo la makala yetu. Majaribio yale yalipima matokeo ya wiki 8 hivi. Mama wa Bondeni amemeza kwa miaka mitatu. Baina ya wiki 8 na miaka mitatu kuna safari ndefu, na ushahidi wa safari hiyo ni haba kuliko wa mwanzo wake.

MZANI

Upande mmoja wa mzani tutie faida. Aliyetolewa shimoni na dawa hana haja ya kuelezwa faida zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maradhi haya huua. Huvunja ndoa, hufunga maduka, huwaacha watoto na mama aliye hai lakini hayupo. Dawa iliyomrudisha mtu kwa watu wake si ya kudharauliwa.

Upande wa pili tutie madhara, na tuyataje bila haya. Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo, huleta usingizi mzito, hutia ukungu machoni, huongeza unene, na kwa wanaume wazee huweza kuzuia mkojo. Huweza pia kuvuruga mapigo ya moyo, na ikimezwa nyingi kwa mara moja huua upesi. Kwa hiyo nyumba yenye dawa hii haina budi kuifungia mbali na watoto, na mbali na mgonjwa mwenyewe siku zile mbaya. Tukumbuke pia kwamba dawa hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo, hupewa wenye maumivu ya mishipa yatokanayo na kisukari. Yawezekana, msomaji, kwamba baba yako anaimeza wala hajui jina lake.

Fluoksetini na ndugu zake ni nyepesi kwa moyo, lakini zina yao. Mwanzoni huleta kichefuchefu, kuumwa na kichwa, kukosa usingizi na wasiwasi. Kwa vijana walio chini ya miaka 25, wiki za kwanza zataka macho ya watu wa nyumbani, kwani mawazo ya kujidhuru yaweza kuzidi. Marekani ililazimisha onyo hilo liandikwe juu ya dawa hizi tangu 2004 kwa watoto, na 2007 likapandishwa hadi miaka 24. Kwa wazee huweza kushusha chumvi ya damu hata mtu akachanganyikiwa na kuanguka. Zikichanganywa na aspirini au ibuprofeni, hatari ya kutoka damu tumboni huongezeka. Na zikikutana na tramadoli, dawa ya maumivu ambayo vijana wengine wameigeuza kileo, zaweza kuleta mtetemeko, joto kali na hatari ya roho.

Yabaki mawili ambayo mama wetu ameyataja, na ambayo wagonjwa wengi huona haya kuyasema. Kupungukiwa na hamu na uwezo wa unyumba ni madhara yaliyo ya kawaida sana katika dawa hizi, kwa wanaume na wanawake. Si laana, si dharau kwa mume, wala si dalili kwamba mke ana mwingine. Mume akielezwa hayo na daktari, ndoa nyingi zingesalimika. Na ule ufu wa ganzi moyoni nao wajulikana. Sisi tulao kwa kalamu ya ushairi twajua thamani ya machozi. Na mwenye kuomba usiku akitaka kulia asiweze, si jambo dogo kwake. Mara nyingine kupunguza kipimo au kubadili dawa huyaondoa yote mawili. Lakini daktari hawezi kutibu asiloambiwa.

KUACHA NAKO KUNA ELIMU YAKE

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mgonjwa akishapona aendelee na dawa kwa miezi kadhaa ndipo afikirie kuacha. Aliyerudiwa na maradhi mara kadhaa huambiwa aendelee zaidi. Je, baada ya hapo?

Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza kwa wagonjwa 478. Wote walikuwa wamewahi kuugua mara mbili au zaidi, au wamemeza dawa kwa miaka 2 na zaidi, na wote walijiona wazima kiasi cha kufikiria kuacha. Nusu yao waliendelea na dawa. Nusu ya pili walipunguziwa polepole wakaacha, pasipo kujua nani yuko upande gani. Baada ya mwaka mmoja, katika kila 100 walioendelea, 39 walirudiwa na maradhi. Katika kila 100 walioacha, walirudiwa 56.

Hesabu hizi zaweza kusomwa kwa macho mawili, na yote ni ya haki. Mmoja atasema: dawa iliwakinga watu 17 katika kila 100, basi kuendelea ni bora. Mwingine atasema: katika kila 100 walioacha, 44 hawakurudiwa, na walioendelea hawakusalimika wote. Uchunguzi haumwamulii mtu. Humpa kipimo, kisha yeye hupima na maisha yake. Mwenye kazi ya kuendesha gari la abiria, mwenye watoto wadogo, aliyewahi kujaribu kujiua, huyo kurudiwa kwake ni jambo kubwa mno. Aliyeugua mara moja tu, kwa msiba uliojulikana, na sasa madhara ya dawa yamvunjia nyumba, huyo ana hoja nzuri ya kujaribu kuacha.

Lakini kuacha si kutupa. Atakayeacha ghafla aweza kupatwa na kizunguzungu, ukali, ndoto za kutisha, jasho, na mishtuko kichwani kama ya umeme. Wengi wakiona hayo husema, maradhi yamerudi, kumbe ni mwili ulionyang'anywa kitu ulichokizoea. Namna ya kupambanua ni wakati: yatokanayo na kuacha aghalabu huanza baada ya siku chache na huwa na mambo ya mwili, maradhi yenyewe hurejea polepole, kwa wiki na miezi. Kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, na kwa waliomeza miaka mingi hata zaidi, tena hatua za mwisho ziwe ndogo kuliko za kwanza.

Lipo jambo letu la hapa ambalo vitabu vya Uingereza havilitaji sana. Mgonjwa wa kwetu mara nyingi haachi kwa hiari yake, huachishwa. Madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 100 toka Desemba 2016 hadi Machi 2017, na mwaka 2024 wakagoma tena siku 56. Akiba ya dawa hospitalini yaweza kwisha. Nauli ya kutoka Molo hadi Nakuru yaweza kukosekana. Basi mwenye kumeza dawa hizi asingoje kidonge cha mwisho. Awe na akiba ya wiki mbili, na ajue jina la dawa yake na kipimo chake ili aweze kuinunua katika duka la dawa lenye idhini.

RAMADHANI, KOMBE NA BARAZA

Ramadhani iingiapo, wako waachao vidonge mwezi mzima kwa ajili ya saumu. Hakuna haja. Dawa nyingi hizi humezwa mara moja kwa siku. Fluoksetini yaweza kuhamishiwa daku au futari, na amitriptilini kwa kawaida ni ya usiku. Kwa kuwa hii ya pili hukausha mdomo na kufunga choo, maji yanywewe kwa wingi baina ya futari na daku. Mwenye kumeza lithi, ambayo ni dawa ya maradhi mengine ya akili, asifunge kabla ya kumwona daktari, kwani kukosa maji humdhuru vibaya. Na sheria yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Ama yule dada wa Mombasa, hatumkatazi. Kusomewa Kurani na kuombewa dua hakugombani na kidonge, na kombe halijapata kumzuia mtu kwenda hospitalini ila kwa ukaidi wake. Linaloleta hatari ni kuambiwa chagua kimoja, na ni mitishamba isiyojulikana kunywewa juu ya dawa bila daktari kuambiwa.

Tena dawa si vidonge peke yake. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, ambako watu wenye sonona walikutanishwa katika vikundi, wakaongozwa na mtu aliyefunzwa, wakazungumza habari za misiba yao, ugomvi wao na upweke wao. Walipona kwa wingi kuliko wenzao waliokosa vikundi hivyo. Nasi tuna mabaraza tangu enzi za mababu, ila barazani twazungumza siasa na mpira, wala mtu hasemi kwamba halali.

Serikali nayo imeanza kuamka. Kikosi kazi kilichoongozwa na Dakta Frank Njenga kilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa. Na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kilikuwa kinyume cha katiba. Aliyeokolewa na kifo anahitaji daktari, si pingu.

Basi mama wa Bondeni afanye nini? Asivitupe vidonge vyake leo, wala asiviite ndugu wa maisha. Aende kwa daktari pamoja na mumewe, aseme lile la unyumba na lile la ganzi, na aulize maswali manne: maradhi yangu yana hatari gani ya kurudi, je, kipimo chaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa, nikitaka kuacha, tutashuka kwa hatua gani na kwa muda gani, na dalili gani zikionekana nirudi upesi. Asiuchague mwezi wa mashaka, kama wa kuhama nyumba au wa hitima ya mwanawe, kuwa ndio mwezi wa kupunguza. Na awe na mtu mmoja nyumbani aliyeambiwa, ambaye atamtazama na kumwambia kweli, kwani mwenye jitimai mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba imerudi.